Bwawa la Pili Lilipogeuka Pinki

Vijana wangu, mkija mabwawani kwa mara ya kwanza msizibe pua. Najua mtaziba, maana hata mimi niliziba, tena kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Lakini pua ndiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii, na ndicho kifaa pekee ambacho ofisi haitakununulia.

Mzee Sangula ndiye aliyenipokea kazini. Siku ile aliushika mkono wangu, akaushusha taratibu kutoka usoni, akasema, "Vuta hewa kwanza, binti yangu. Halafu uniambie umenusa nini." Nikamwambia nimenusa choo. Alicheka mpaka akakohoa. "Choo kila mtu anakinusa. Mimi nakuuliza, ni choo kizima au choo kigonjwa?" Nilidhani mzee ananitania. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lile lilikuwa swali la kitaalamu kabisa.

Sasa nimestaafu. Mtaani wananiita Bibi Mabwawa, na jina hilo silikatai, maana nimewahi kuitwa mabaya zaidi. Injinia Faraja, ambaye siku hizi ndiye mkubwa wa kituo, aliniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi, eti yale ambayo hamkufundishwa chuoni. Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Mama, andika ile ya pinki." Basi nitaandika ya pinki, ila nitafika huko kwa mwendo wangu. Miguu yenyewe siku hizi haipendi kuharakishwa.

Kwa ambaye hajafika kwetu, kituo ni mabwawa matatu yaliyochimbwa kwenye mteremko, moja chini ya jingine. Majitaka yanatoka mjini kwa bomba: ya vyooni, ya jikoni, ya hospitali, ya hosteli za wanafunzi. Yanapita kwanza kwenye wavu wa chuma unaokamata takataka kubwa, kisha yanaingia bwawa la kwanza, ambalo lina kina kirefu na ni jeusi. Uchafu mzito unatua na kuozea humo. Yakitoka hapo yanaingia bwawa la pili, pana, na hilo ndilo lenye roho ya kituo. Linatakiwa liwe kijani. Ule ukijani ni mwani, na mwani ukipigwa na jua unatoa hewa ndani ya maji, na hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kuyasafisha. Bwawa la tatu linamalizia, jua linaua vijidudu vilivyobaki, na maji yanatoka kwenda kumwagilia miti na majani ya mifugo. Hatuna mtambo wa kunguruma. Mtambo wetu ni jua, na Dodoma tunalo la kutosha hata kuwakopesha watu wa Njombe.

Wavu ulinifundisha mengi kuhusu binadamu. Watu wa mjini wanaamini choo ni shimo lisilo na mwisho. Tumetoa pale simu, vijiko, nepi, funguo za gari, na mara moja shuka zima la kitanda ambalo mpaka leo sielewi lilipitaje. Siku moja alikuja bwana aliyevaa suti, akaulizia kwa sauti ya chini meno ya bandia ya baba mkwe wake. Tukatafuta, tukayapata, tukayaosha kwa dawa. Aliyafunga kwenye leso nyeupe akaondoka mbio. Kama baba mkwe aliambiwa meno yake yalipitia wapi, mimi sijui na sitaki kujua.

Halafu kuna nyanya. Tope tunalolitoa chini ya mabwawa tunalianika kwenye vitanda vya mchanga mpaka likauke. Mbegu za nyanya zinapita tumboni mwa mtu na kutoka salama, zinapita kwenye bomba, zinapita bwawani, na zikifika kwenye tope lile linalokauka zinaota. Nyanya nyekundu, nono, ambazo sokoni ungezigombania. Kila mfanyakazi mpya huzitazama kwa tamaa. Mzee Sangula aliniacha nichume moja, nikaipangusa kwenye shati, nikaifikisha karibu na mdomo, ndipo akasema, "Hiyo haikupandwa na mtu, lakini mji mzima umechangia." Sijala nyanya mbichi vizuri tangu siku hiyo.

Zamani kipimo chetu cha bwawa kilikuwa sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwenye kamba. Unaizamisha polepole, unaangalia inapotelea wapi. Ikipotea upesi ndani ya ukijani, mwani ni mwingi na bwawa lina afya. Nyinyi mnacho kile kifaa cha waya kinachosoma hewa iliyomo majini na kukuandikia kwenye kioo. Ni kizuri, nami ningekipenda sana wakati wangu. Ila msikiamini siku betri imekaribia kuisha, maana kinadanganya bila aibu.

Kingine kilichobadilika ni mji wenyewe. Nilipoanza kazi, mabwawa yalikuwa porini. Majirani zetu walikuwa vichaka vya miiba na mbuzi. Kisha makao makuu ya serikali yakahamia kweli, baada ya kusemwa miaka na miaka, na nyumba zikaanza kutufuata. Kila ukirudi kutoka likizo unakuta paa jipya limesogea. Nilimshuhudia kwa macho yangu dalali amesimama kwenye tuta letu, upepo ukivuma kuelekea upande mwingine, akimwonyesha mteja bwawa la tatu na kumwambia, "Hapa mzee utajenga ukitazama ziwa." Mteja akauliza kama lina samaki. Yule bwana alijenga, ghorofa moja yenye baraza kubwa upande wetu, na upepo ulipogeuka akawa wa kwanza kutushtaki.

Simlaumu sana. Mji ulikua kuliko bomba, na bomba lilikua kuliko mabwawa. Majitaka tuliyokuwa tunayapata kwa siku nzima yakawa yanakuja kabla watu hawajamaliza kunywa chai. Bwawa linavumilia, linavumilia, halafu siku moja linakuonyesha kwamba limechoka.

Basi siku hiyo ilikuwa mwezi wa Agosti. Agosti kwetu ni mwezi wa upepo na vumbi, na ndio wakati zabibu za msimu wa pili zinaiva. Mito yote imekauka, yamebaki makorongo ya mchanga. Nilifika asubuhi nikamkuta Faraja amesimama juu ya tuta la bwawa la pili, kofia mkononi. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, kijana mpole anayesema samahani hata akijikwaa kwenye jiwe.

"Shikamoo, Mama. Samahani, hebu njoo uone."

Bwawa lilikuwa pinki. Sizungumzii wekundu wa matope. Nazungumzia pinki ya gauni la msimamizi wa harusi, kutoka tuta hadi tuta, na harufu yake ni ya mayai viza yaliyopasuliwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Nilivuta hewa kama nilivyofundishwa, na nikajua kwamba hicho sasa ni choo kigonjwa.

Kufikia mchana watu walishajaa kwenye uzio na simu zao. Wengine walisema ni damu. Wengine walisema ni ishara ya siku za mwisho. Mama mmoja wa jirani alikuja na chupa tupu, akauliza nusu kwa utani kama ni kweli maji yamegeuka divai. Tulimcheka sana, na hatukujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko sisi wote.

Faraja ndiye aliyenieleza. Kuna vijidudu vyenye rangi hiyo, akasema, vinavyoishi mahali penye chakula kingi na hewa hakuna. Mwani umekufa kwa kuzidiwa, na vijidudu hivyo ndivyo vilivyochukua nafasi yake. "Kuna mtu analilisha bwawa kupita kiasi, Mama. Anamwaga kitu kizito kwenye bomba. Samahani, sijui ni nini."

Mkuu wetu wa kituo wakati huo alikuwa mtu wa haki, lakini simu yake haikutulia siku nzima. Mwishowe alituita. Mkutano wa mtaa ungefanyika wiki iliyofuata, Jumamosi, na wananchi walitaka kusikia jambo moja tu. "Kama bwawa halijarudi kijani kabla ya mkutano," alisema, "itabidi tulipumzishe. Tutafungua lango la kando."

Lango la kando ni sahani ya chuma iliyo kabla ya bwawa la kwanza, inayoinuliwa kwa kuzungusha gurudumu. Liliwekwa kwa ajili ya dharura. Ukilifungua, majitaka yote ya mji hayaingii mabwawani, yanafuata mfereji na kutokea kwenye korongo yakiwa mabichi kama yalivyotoka chooni. Ufunguo wake ulikuwa kwangu. Kufungua ilikuwa kazi yangu.

Na chini ya korongo lile ndiko anakoishi dada yangu Mchiwa.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki, Mchiwa alinibeba mgongoni naye akiwa bado msichana. Kijijini kwao, kiangazi kikifika, wanawake wanafukua mchanga wa korongo mpaka maji yanajitokeza chini, masafi na baridi, wanayachota kwa kata kidogokidogo kujaza ndoo. Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika tangu mvua zilipokatika. Mnaweza kuniuliza kwa nini nisiwaambie tu wasichote. Nami nawauliza, wangechota wapi?

Nilimwambia mkuu, "Mzee, kule chini watu wanakunywa kwenye ule mchanga."

"Najua, Mama. Na huku juu watu wanatapika. Wewe niambie nifanye nini."

Swali hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu mbaya unaweza kugombana naye ukajisikia vizuri. Huyu hakuwa mbaya, aliishiwa tu njia.

Mimi nina haraka ya kushuku, na mwaka ule nilimshuku mchinjaji. Pinki, damu, hesabu yangu ikaishia hapo. Nilivaa buti zangu nikaenda kwenye machinjio madogo yaliyokuwa mtaa wa juu, nikaingia bila hodi, nikamfokea msimamizi mbele ya watu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipeleka nyuma, akanionyesha mapipa ambamo damu yote hukingwa, maana kuna watu huja kuichukua kutengenezea chakula cha kuku. "Mama, hii kwetu ni mali. Nani amwage mali chooni?" Alinipa kiti, akanipa soda. Niliinywa huku nimeinamisha kichwa, na ilikuwa tamu kweli.

Niliporudi nilimkuta Faraja ameinama kwenye wavu, ameshika kitu kwenye glovu. Maganda membamba meusimeusi, na mbegu ndogo ngumu. Yalikuwa mengi, yamejibandika kwenye vyuma. Mimi nilikuwa nimeyaona tangu wiki iliyopita nikayachukulia kuwa mabaki ya maharage ya hosteli. Yeye aliyaleta puani, akavuta hewa bila kuogopa, akasema, "Mama, mbona hii ni chachu?"

Nikavuta na mimi. Zabibu.

Sasa sikilizeni namna ya kumtafuta mtu kwenye bomba, maana mtaihitaji. Bomba kubwa la majitaka lina matawi, na kila matawi yanapokutana pana chemba yenye mfuniko. Unafungua chemba, unatazama ni tawi lipi linaleta kile unachokitafuta, unalifuata hadi chemba inayofuata, unafungua tena. Usitangaze, wala usiulize watu wamemwona nani, maana watakutajia adui zao. Maji yenyewe yatakwambia. Tulitembea hivyo siku mbili juani, mimi na Faraja na mtaimbo wa kuinulia mifuniko. Wengine walikuwa wamejenga mabanda ya kuku juu ya chemba. Mmoja alikuwa ameipaka saruji na kuweka vigae, tukamwacha na aibu yake kwa siku nyingine.

Mwishowe tukaingia kwenye uchochoro mmoja, na mimi nikaacha kutazama maji nikatazama mifuniko. Agosti, nimewaambia, ni vumbi. Kila mfuniko kwenye uchochoro ule ulikuwa na vumbi la kutosha kuandika jina lako. Mmoja tu ulikuwa msafi, na kingo zake zimelowa.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Stela, mjane mwenye sauti kubwa na mikono iliyokolea rangi ya zabibu mpaka kwenye viwiko. Alitukaribisha kabla hatujasema shida yetu. Uani kwake mapipa yalikuwa yamepangwa kwenye kivuli, yamefunikwa kwa vitambaa. Alikuwa anatengeneza mvinyo wa nyumbani, yeye na takriban uchochoro mzima, kila msimu wa zabibu.

"Machicha unayapeleka wapi, Mama Stela?" nikamuuliza. Machicha ni yale maganda na mbegu na utope mzito unaobaki ukishakamua.

"Pale," akasema, akiuonyesha mfuniko kwa kidole bila wasiwasi wowote. "Kwani si ndiyo mfereji wa uchafu?"

"Tangu lini?"

"Tangu nguruwe waondoke."

Ndipo tukapata habari yote. Zamani kila nyumba pale ilikuwa na nguruwe wawili watatu nyuma, na machicha yote yalikuwa chakula chao. "Walikuwa wanalala saa nane mchana wanakoroma," Mama Stela alisema, "ungedhani wamelipiwa hoteli." Kisha nyumba zikaongezeka, wapangaji wapya wakalalamikia harufu ya mabanda, na mtaa ukaamua nguruwe watoke. Wakatoka. Zabibu hazikutoka. Machicha yakabaki bila mlaji, na wanawake hawa, watu wasafi, hawakutaka kuyatupa barabarani yajaze nzi. Wakafanya walichoona ni ustaarabu, wakafungua chemba wakamwaga humo.

"Mama Stela," nikamwambia, "umelilevya bwawa."

Alicheka, akadhani nimekuja kuomba glasi. Nikamweleza. Nilimweleza yote, bwawa na mkutano na lango, hata habari za dada yangu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kazini habari za Mchiwa, hata Faraja. Mama Stela alivua aproni yake.

"Kumbe yanakwenda mpaka kwa watu," akasema. "Sisi tulijua yakishaingia humo yameisha."

Hakungoja tumpangie. Shemeji yake alikuwa anafuga nguruwe nje ya mji, njia ya kwenda Kongwa. Alimpigia simu palepale, akamwamuru badala ya kumwomba, na jioni ileile guta lilikuwa limeegeshwa uchochoroni likipakia mapipa. Kisha alipita nyumba kwa nyumba. Faraja alitaka kwenda naye ili aeleze kitaalamu, mimi nikamshika shati. Mwanamke anayewajua majirani zake hahitaji msemaji.

Wavu ukawa msafi. Lakini bwawa likabaki pinki. Siku ya kwanza nikasema ni mapema. Siku ya pili nikajitia kuwa na shughuli nyingine. Siku ya tatu nilizamisha sahani yangu nyeupe, ikashuka na kushuka katika ile pinki, nikaiona mpaka kamba ikanikaza mkononi. Hapakuwa na mwani hata kidogo. Mkutano ulikuwa Jumamosi na hiyo ilikuwa Jumatatu.

Faraja alijua dawa. Unachukua maji ya kijani kutoka bwawa la mwisho, ambalo lilikuwa bado zima, unayarudisha juu kwenye bwawa linaloumwa, ili mwani upate pa kuanzia. Alipomaliza kueleza nikamwambia mbona hiyo naijua, ndivyo kwetu tunavyogandisha maziwa: unaacha kidogo ya jana kwenye kibuyu, unamimina mapya juu yake. Alifurahi mno. Tatizo lilikuwa kwamba maji hayapandi mlima yenyewe, na pampu ya kituo ilikuwa kwa fundi muda mrefu kiasi kwamba tulishaanza kuisahau.

Tulikuwa tumesimama hivyo, tumeshika viuno, wakati Shabani alipoingia na gari lake la kunyonya majitaka. Shabani alikuwa mzaliwa wa Mpwapwa, dereva anayekojoza vyoo vya nusu ya mji, kwa maneno yake mwenyewe, na hajawahi kuinyamazia hali yoyote.

"Mbona mmesimama kama mko msibani?"

Faraja akamweleza. Shabani akatazama bwawa la tatu, akatazama la pili, akalitazama gari lake.

"Sasa hii si pampu yenye magurudumu?"

Vijana, mimi nilikuwa nimelitazama gari lile kila siku ya maisha yangu ya kazi na sikuwahi kuona kwamba linaweza kwenda upande wa pili. Tulimwoshea tangi lake mpaka likashangaa. Kisha akawapigia wenzake, na magari yakaanza kunyonya maji ya kijani chini na kuja kuyamwaga juu, yakishuka matupu na kupanda yamejaa, siku nzima hadi jua lizame. "Miaka yote naleta," Shabani alikuwa anapiga kelele dirishani, "leo narudisha! Mama, tutafukuzwa kazi!" Sisi wengine tuliingia kwenye mtumbwi wa bati na reki ndefu, tukavunja utando mzito uliokuwa umeganda juu ili jua lipate njia.

Jumanne hakuna kitu. Jumatano pinki ikawa chafu, ikaelekea kahawia, na Faraja akasema samahani, hiyo ni dalili nzuri. Nilimwambia asiniambie dalili, aniambie kijani. Nilikuwa mkali kwa kila mtu wiki ile. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kila nilipofumba macho nilijiona nimeshika lile gurudumu la lango, nalizungusha.

Alhamisi nilifika mapema. Upepo wa Agosti ulikuwa umesukuma maji kuelekea pembe ya magharibi, na pale pembeni, kwenye mawe, palikuwa na ukanda wa kijani mwembamba usiozidi upana wa kanga. Niliinama nikauchota kwenye kiganja. Kijani. Nilizamisha sahani pale, na kabla kamba haijafika mbali ikapotea. Nilikaa chini kwenye vumbi na buti zangu nikalia, na wala sikujificha. Faraja aliponikuta alidhani mambo yameharibika. Nikamwonyesha kwa kidole tu, naye akaketi pembeni yangu bila kusema samahani.

Kufikia Jumamosi ukijani ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya bwawa, na ndege wenye miguu mirefu walikuwa wamerudi kwenye tuta. Kwenye mkutano yule bwana wa kiwanja cha ziwa alisimama akaongea sana. Mama Stela naye alisimama, akaongea zaidi. Aliwaambia wanamtaa kwamba hakuna kitu kinachoisha ukikifunika na mfuniko, na kwamba kuanzia hapo kila mwenye machicha ampelekee yeye. Mkuu wetu alisema maneno machache. Alisema lango la kando halitafunguliwa. Nilisikia pumzi ikinitoka, na mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka kuona nani amepuliza.

Baadaye tulipata pampu mpya, na bwawa la nne limechimbwa, na hivi karibuni mtakuwa na mitambo ambayo mimi sitaielewa. Nafurahi. Mji bado unakua, na mtapata bwawa lenu la kuwasumbua, kwa rangi ambayo sisi hatukuiona. Nendeni kwenye wavu kwanza, na mkiona vitu vigeni msiviite maharage.

Jumapili ile iliyofuata mkutano, baada ya ibada, nilipanda bodaboda nikaenda kwa dada. Nilimkuta ndani ya korongo, ameinama kwenye kisima chake cha mchanga, ndoo pembeni.

"Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo bila hata kuinuka. "Leo umekumbuka kwenu?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda. Na unanuka kazi."

Nikamuuliza maji yakoje kiangazi hiki. Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi.

"Maji ni maji. Yako palepale." Akachota kwa kata, akaacha mchanga utulie, akanipa. Niliyavuta kwanza puani, mazoea ya kazi. Hayakunuka kitu chochote. Nikanywa yote nikiwa nimesimama, mpaka yakanichirizikia shingoni.

"Una nini wewe?" akauliza. "Mbona unalia na huku unacheka?"

Nikamwambia nina kiu. Akainama akanichotea nyingine.